Picha za kabla ya harusi: elewaneni kwanza

Ndugu msikilizaji, Jumamosi moja nilikuwa Iringa, nikapanda Gangilonga kunyoosha miguu. Kwa wasioifahamu Iringa, Gangilonga ni jiwe kubwa lililo juu ya mji, na jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Ukisimama pale unauona mji wote chini yako. Siku hiyo, hata hivyo, mimi sikuuona vizuri, kwa sababu mbele yangu palikuwa na foleni. Walikuwapo wachumba wa harusi tatu tofauti, kila wawili na mpiga picha wao, wakingoja zamu ya kusimama mahali pale pale.

Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa utosini. Mabinti walikuwa wamekunja nyuso, makoti ya vijana yameanza kulowa jasho mgongoni, na mpiga picha mmoja alikuwa anapaza sauti: "Dada, mtazame mwenzio kwa mapenzi! Kaka, tabasamu!" Yule kaka alijitahidi, maskini, lakini tabasamu lake lilikuwa la mtu anayeng'olewa jino.

Basi nikasema, juma hili tuzungumze juu ya picha hizi za kabla ya harusi. Nina haki kidogo ya kulisemea jambo hili, kwani katika ujana wangu niliwahi kufanya kazi katika studio moja ya picha mjini Mbeya. Tena nina sababu nyingine, ya nyumbani, ambayo nitaieleza baadaye.

Kwanza tujiulize, picha hizi zimetoka wapi? Zamani wachumba walipiga picha moja studio, wamesimama wima kama askari, nayo ilitosha. Picha nyingi zilikuwa za siku ya harusi yenyewe. Leo wachumba wanapiga picha miezi miwili au mitatu kabla, tena nje, milimani, kwenye mashamba ya chai au ufukweni mwa ziwa. Wengine husema ni kuiga wageni, na kuiga kupo. Lakini sisi tuna sababu yetu wenyewe, nayo ni mchango. Harusi zetu zinafanywa na kamati, na kamati inafanya kazi kwa kadi za mchango. Zamani kadi ilikuwa na majina na pete mbili zilizochorwa. Siku hizi kadi inapita kwenye simu, kwenye makundi ya WhatsApp, na juu yake pana sura za wachumba wenyewe wakicheka. Kwa hiyo picha ya kabla ya harusi si ya kumbukumbu tu. Inatumwa kazi. Inatangulia kubisha hodi kwa watu kabla ya mshika daftari wa kamati.

Jambo hili tulishike, maana ndilo litakalotufikisha kwenye kiini cha mazungumzo yetu.

Sasa tuje kwenye ufundi. Studio yetu pale Mbeya ilikuwa na pazia kubwa la kitambaa lililochorwa bahari, minazi miwili na meli. Nje ya mlango, ukigeuza shingo tu, mlima Loleza umesimama na ukungu wake. Lakini hakuna mteja aliyetaka kupigwa picha na Loleza. Loleza aliuona kila siku alipokwenda sokoni. Bahari alikuwa hajaiona. Wala haikuwa Mbeya peke yake. Mombasa, penye kivuko cha Likoni, wapiga picha wa miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya ndege na meli, na msafiri aliyetoka bara alipiga picha hapo akaipeleka kijijini. Pazia lilimpa mtu mahali ambapo hakuwapo.

Vijana wa leo wameliondoa pazia, na kwa hilo mimi nawapongeza. Wamegundua kwamba mlima wa nyuma ya nyumba yao ni mzuri. Lakini pazia lilikuwa na faida moja: ndani ya studio taa ni zako, unaziwasha na kuzizima upendavyo. Ukitoka nje, taa ni jua, na jua halina bosi.

Hapa watu wengi wanakosea. Wanadhani jua kali ndiyo picha nzuri. Jua likiwa utosini, nyusi na paji la uso vinatupa kivuli kwenye macho, pua inatupa kivuli mdomoni, na bibi harusi mtarajiwa anatoka na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana jua letu huwa juu sana karibu mwaka mzima. Huku Nyanda za Juu Kusini, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa, hata kivuli chako unakikanyaga. Mwanga mzuri ni wa asubuhi, saa moja hivi baada ya jua kuchomoza, na wa jioni, saa moja kabla halijazama. Jua letu linashuka wima, kwa hiyo mwanga ule wa dhahabu haukai. Nusu saa ya mwisho ndiyo bora, nayo ikipita imepita.

Tena kuna jambo la saa ambalo wapiga picha wanaotoka Dar es Salaam huwa hawalijui. Saa zetu zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti hata Tanzania; unapita Somalia. Kila nyuzi moja kwenda magharibi jua linachelewa dakika nne. Ndiyo maana, kwa wastani, Dar es Salaam jua linafika juu kabisa saa sita na dakika 23 hivi, Iringa saa sita na dakika 37, na Mbeya saa sita na dakika 46. Kwa hiyo Mbeya jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa moja na dakika chache jioni, kutegemea mwezi. Anayepanga kazi ya Mbeya kwa saa za Dar es Salaam atafunga kamera yake mapema kabla ya mwanga wenyewe kufika. Ila ukiwa bondeni, kumbuka kwamba mlima unaweza kulimeza jua mapema kuliko saa inavyosema.

Jambo la pili ni rangi yetu. Kamera haijui inamtazama nani. Inapima mwanga kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Ukiweka gauni jeupe likajaza picha, kamera inaogopa ule weupe, inapunguza mwanga, na uso wa binti unakuwa giza. Ukiweka suti nyeusi inafanya kinyume. Fundi anayejua kazi anapima mwanga usoni, si kwenye nguo. Enzi za mikanda ya picha tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi hiyo iliitwa Shirley. Rangi ya ngozi ya Shirley ikitoka sawa, maabara iliridhika. Ilipofika miaka ya 1990 ndipo zikaja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo wewe mwenye picha ya harusi ya mama yako ambamo macho na meno tu ndiyo yanaonekana, usimlaumu sana fundi wa mtaani. Kipimo chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Siku hizi dawa ni rahisi. Chukua shuka jeupe, mtu alishike chini ya kifua cha wachumba, nje ya picha, mwanga urudi usoni. Lakini angalia ulichokanyaga nacho, kwani ardhi nayo ni shuka. Udongo mwekundu wa Iringa unarudisha wekundu kwenye kidevu na kwenye gauni. Mashamba ya chai ya Mufindi na Tukuyu yanarudisha kijani, na nimeona wachumba wakatoka kama wagonjwa wa homa ya manjano.

Mahali pa kupigia picha huku kwetu hapakosekani. Kiasi cha kilometa 20 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya Mbeya, pana Isimila, korongo lenye nguzo ndefu za udongo na mchanga zilizochongwa na mmomonyoko. Humo ziliokotwa zana za mawe za watu walioishi zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Isimila inakwenda kinyume na kanuni niliyoitoa hivi punde: kwa kuwa ni korongo, asubuhi sana na jioni sana limejaa kivuli, hivyo mwende saa tatu au saa nne asubuhi, au saa kumi alasiri. Upande wa Mbeya kuna Daraja la Mungu, daraja la mwamba ambalo mto Kiwira unapita chini yake, na kuna Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone ikiwa kando yako. Ziwa Ngosi ni zuri, lakini liko ndani ya kreta, na kulifikia ni kupanda kwa miguu msituni kwenye njia ya utelezi. Kwenda huko na viatu vya kisigino ni kutafuta mguu wa plasta siku ya harusi.

Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, huchanua kati ya Desemba na Aprili. Ni miezi ya mvua. Ukitaka maua, ukubali na tope. Ukitaka barabara kavu, uende Agosti, lakini utakuta majani yamekauka na hewa ina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Juni na Julai anga huwa safi sana, ila baridi ya Mbeya na Makete mnaijua wenyewe. Basi chukueni blanketi na chupa ya chai ya moto, maana mtu anayetetemeka hawezi kuonekana ana mapenzi.

Na popote mwendapo, ulizeni kwanza. Shamba la chai lina mwenyewe. Hifadhi na mahali pa mambo ya kale pana kiingilio na utaratibu wake kwa mpiga picha wa biashara. Kamera ile inayoruka, ambayo vijana huiita droni, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na penye majengo ya jeshi usinyanyue kamera kabisa.

Sasa, ndugu msikilizaji, nifike kwenye ile sababu ya nyumbani.

Mwaka 2019 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Iringa, alichumbiwa na kijana wa Mbeya. Barua ya posa ililetwa na mshenga, kishika uchumba kikatolewa, kamati ikaundwa. Wakapiga picha Isimila, na nyingine kwenye chai ya Tukuyu. Picha zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kadi ikatumwa kwa watu mia nne.

Miezi mitatu baadaye uchumba ukavunjika. Sababu zake si za redioni. Wazee walikutana, kilichopaswa kurudi kikarudi, kila upande ukanyamaza kwa heshima. Tukadhani yamekwisha.

Mwishoni mwa 2020 yule mpiga picha akatoa kalenda ya kutangaza biashara yake. Kalenda ya 2021, na juu yake, kubwa kabisa, mpwa wangu amelala kifuani mwa yule kijana katikati ya chai. Ikabandikwa saluni, ikabandikwa kwenye maduka ya dawa, ikabandikwa stendi. Katikati ya mwaka huo akatokea mchumba mwingine, mtu wa Makambako. Mpwa wangu akapelekwa kusalimia kwa shangazi wa huyo kijana. Akakaribishwa kitini, akainua macho, kalenda ile inamtazama kutoka ukutani.

Alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba." Nikasema, "Marahaba mwanangu, kuna nini?" Akanieleza, kisha akasema, "Mjomba, mimi sikuiba kitu. Mbona nimebandikwa kama mwizi?"

Nilikwenda naye kwa mpiga picha. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, akaagiza soda. Akaniambia, "Mzee wangu, picha nimepiga mimi, kamera yangu, na hawakunikataza. Tena si amependeza?" Nilimwuliza kama waliandikiana chochote. Akanionyesha risiti ya malipo, basi. Picha ya ukutani aliiondoa siku ile ile, akaomba radhi. Kalenda, je? Utaingia kwenye nyumba ya nani kubandua kalenda?

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yote ya studio sikulielewa. Picha ya harusi ni picha ya jambo lililokwisha kutendeka. Picha ya uchumba ni picha ya ahadi, na ahadi huweza kuvunjika bila mtu kuwa mwovu. Sheria yenyewe inalijua hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sheria hiyo hiyo inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, na inazungumzia kurudishwa kwa zawadi zilizotolewa kwa kutegemea ndoa. Yaani mbuzi ana utaratibu wa kurudi, pete ina utaratibu wa kurudi. Picha haina, na ndiyo iliyotangulia kufika kwa watu mia nne.

Kuhusu picha kuna sheria mbili ambazo kila mchumba na kila mpiga picha anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya 1999, ambayo inalinda kazi za picha kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Kwa hiyo aliyelipa asidhani kwamba kwa kulipa tu amenunua kila haki. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Wakati wa kisa chetu haikuwapo. Leo ipo. Lakini kwenda kushitaki baada ya aibu ni kama kununua mwavuli ukiwa umekwisha kulowa. Heri kuandikiana mapema.

Na kuandikiana si kazi ya mwanasheria tu. Karatasi moja inatosha, iandikwe kwa Kiswahili, itiwe saini na watu watatu: wachumba wawili na mpiga picha. Iseme bei ni kiasi gani, advansi kiasi gani, na nauli na kiingilio analipa nani. Iseme mvua ikinyesha itakuwaje, siku ibadilishwe au fedha irudi. Iseme ni picha ngapi zitakabidhiwa, na lini. Iseme mpiga picha anaruhusiwa kuzitangaza au la, wapi, na kuanzia lini. Mimi nashauri iwe baada ya harusi, na kwa ruhusa ya wote wawili. Mwisho iseme kwamba uchumba ukivunjika, mpiga picha atalipwa kazi yake yote aliyokwisha kuifanya, na picha hazitatumiwa na yeyote.

Mpiga picha naye ana haki, tusimwonee. Ameamka saa kumi usiku, amebeba mizigo, amelipa gari hadi Tukuyu, mvua imemnyeshea, halafu familia inasema harusi haipo na fedha haipo. Wachumba wakiachana, njaa yake haiachani naye. Karatasi hiyo inamlinda yeye kama inavyomlinda binti.

Na ninyi wanakamati, msikimbilie kuweka sura kwenye kadi siku ya kikao cha kwanza. Kadi ya majina matupu inachangisha vilevile. Sura zingoje mpaka tarehe imethibitishwa pande zote mbili.

Mtaniuliza, mpwa wangu je? Yule kijana wa Makambako aliiona kalenda, bila shaka. Alimwuliza swali moja tu: "Siku hiyo ulikuwa na furaha?" Naye akamjibu, "Nilikuwa na baridi." Wakacheka wote wawili. Wakaoana mwaka 2022.

Picha za kabla ya harusi walipiga. Hawakwenda Isimila wala kwenye chai. Walipiga nyuma ya nyumba ya dada yangu, saa 12 jioni, jua likipita kwenye migomba, dada akiwa pembeni anapukuchua mahindi. Mpiga picha alikuwa kijana wa mtaani mwenye kamera ya kawaida, na kabla hajaifungua alitoa karatasi mfukoni akasema, "Mama, tusaini kwanza." Ile karatasi dada yangu bado anayo, ameiweka kwenye albamu pamoja na picha.

Hadi juma lijalo, nawatakia heri.